Treni inayokufika kifuani: moto, maji na makaa ya mawe kwenye reli ndogo za Kent

ChepeDogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Juzi kwenye uzi wa SGR nilidokeza kwamba huku Kent, Uingereza, ninakoishi mimi ni stoka, yaani mchochea moto wa treni ya mvuke, wa kujitolea siku za mapumziko. Kilichonipata inbox nakijua mwenyewe. Mmoja kaniuliza kama nalipwa kwa pauni, mwingine kama natafuta msaidizi. Silipwi hata senti, chai tu. Ila maswali ya maana yalikuwa mengi, kwa hiyo nafungua uzi wake nisije nikauharibu ule wa wenyewe.

Kwanza tuelewane. Nitazungumzia reli mbili. Moja ni kubwa kwa udogo wake, inaitwa Romney, Hythe & Dymchurch. Ipo pwani ya kusini mashariki ya Uingereza, na mimi kule ni abiria tu, abiria king'ang'anizi. Nyingine ni ya klabu yetu, njia ya kuzunguka bustani, upana wa reli inchi 7 na robo. Unakaa juu ya behewa kama umepanda farasi, miguu inaning'inia pembeni. Huko ndiko ninakoshika chepe. Jina la klabu nalihifadhi.

Nianze na ile kubwa. Upana wake ni inchi 15, yaani milimita 381. Reli yetu ya kati kule nyumbani ni mita moja, SGR ni milimita 1,435. Sasa fikiria njia ya upana wa rula moja na kipande, yenye urefu wa kilomita kama 22, stesheni, meza ya kuzungushia vichwa, na vichwa vya mvuke vya kweli vinavyokimbia hadi kilomita 40 kwa saa. Ukisimama kando ya kichwa, paa lake linakufika kifuani. Dereva hasimami, anakaa chini kabisa, kichwa chake kinachungulia juu ya kibanda kama mtu aliyekaa ndani ya beseni.

Iliyoianzisha ni pesa ya wanaume wawili waliopenda mwendo. Count Louis Zborowski alikuwa dereva wa magari ya mashindano. Aliagiza vichwa viwili kwa Davey Paxman wa Colchester, kabla havijamaliziwa akafa kwenye mashindano ya Monza, Oktoba 1924. Rafiki yake Kapteni J. E. P. Howey akabaki na vichwa na hamu, njia hana. Huyu familia yake ilikuwa na ardhi Melbourne, kwa hiyo fedha haikuwa tatizo. Mhandisi wao Henry Greenly ndiye aliyemtafutia mahali: Romney Marsh, tambarare kama sahani. Duke wa York, aliyekuja kuwa Mfalme George VI, alikuja kuendesha treni hapo mwaka 1926 njia ikiwa bado inajengwa. Ikafunguliwa rasmi tarehe 16 Julai 1927 kutoka Hythe hadi New Romney, na mwaka uliofuata wakaisukuma hadi Dungeness.

Jambo moja ambalo wengi hawalioni: upana wa reli ni kama robo ya reli ya kawaida, lakini vichwa vimechorwa kwa theluthi. Treni ni nene kuliko njia yake, na ndiyo maana mtu mzima anaingia ndani ya behewa akakaa bila kukunja shingo.

Naendelea, nipeni muda nimtoe mtoto kwenye sinki.

---

Mtaruma_Mbovu

Nimeshakaa siti ya dirishani. Leta vitu.

---

KijanaWaGerezani

Yaani mwanaume mzima na ndevu zako unaendesha treni ya watoto bustanini halafu unakuja kutuandikia gazeti. Huku sisi tunateleza na umeme Dar hadi Dodoma kwa 160.

---

ChepeDogo

@KijanaWaGerezani teleza mkuu, na ukifika Dodoma nisalimie. Lakini hilo neno "ya watoto" nitalirudia, wewe kaa hapohapo.

Sasa asubuhi ya stoka. Naeleza ya klabuni kwetu kwa sababu ndiyo ninayoishika kwa mikono yangu.

Saa mbili asubuhi kichwa kinatolewa bandani, baridi. Kabla ya kiberiti chochote unaangalia kioo cha maji. Ni kijibomba cha kioo kilichosimama wima ndani ya kibanda, kwetu ni kirefu kama kidole chako cha kati, na ndicho kinachokuambia maji yamefika wapi ndani ya boila. Ukiyaona nusu, sawa. Usipoyaona, huwashi. Na kuyaona peke yake hakutoshi: mvuke ukishapatikana unafungua koki ya chini, maji yanafyatuka nje, unafunga, halafu unatazama yanavyorudi. Yakirudi kwa kasi, njia ziko wazi. Yakirudi kwa uvivu, kuna uchafu umeziba, na kioo hicho kinakudanganya.

Halafu unapiga mswaki mirija. Ndani ya boila kuna mirija ambamo moshi wa moto hupita kuelekea mbele, na masizi ya jana yamelala humo. Unaingiza brashi ndefu ya waya, mrija mmoja mmoja. Hapa mikono inakuwa myeusi na inabaki hivyo hadi Jumatatu kazini. Bosi wangu alishaacha kuuliza.

Moto wenyewe mtaucheka. Wazungu hawa wanawasha kwa mkaa! Mkaa uleule wa mchoma mahindi, umelowekwa kwenye mafuta ya taa usiku kucha ndani ya kopo la biskuti. Siku ya kwanza nilipofungua lile kopo harufu ilinirudisha uani kwa mama, nikabaki nimeinama tu. Yule mzee wa kunifundisha akadhani nimezidiwa na mvuke wa mafuta.

Unautia mkaa jikoni, yaani kwenye chumba cha moto cha kichwa, unatupia kitambaa kinachowaka, halafu juu ya bomba la moshi unachomeka kifeni cha umeme kinachovuta hewa. Hii ni kwa sababu boila baridi haina mvuke, na bila mvuke hakuna cha kuvuta moto. Mkaa ukishakuwa mwekundu unaanza kuongeza makaa ya mawe, vipande vidogo kama karanga, kwa kichepe kisichozidi kijiko cha upawa. Ndiyo jina langu humu lilikotoka.

Baada ya dakika kama arobaini na tano sindano ya geji inatikisika. Ikifika paundi 20 za presha kwa inchi ya mraba unafungua kipulizia cha chenyewe, mvuke wake unavuta moshi wake, unang'oa kile kifeni. Kuanzia hapo kinajipumulia. Paundi 100 valvu ya usalama inapiga kelele na ndege wote wa bustani wanahama.

Wakati huohuo dereva anazunguka na makopo mawili ya oili. Ile nyepesi ni ya viungo vya nje. Ile nzito kama uji wa ulezi ni ya silinda, kwa sababu humo kuna mvuke wa moto na oili nyepesi ingeoshwa ikaisha. Ukizichanganya hufanywi kitu, lakini hutaitwa tena mbele ya wageni.

---

BintiMlandizi

Nimecheka hapo kwa mkaa 😂 Swali: hiyo kubwa ya inchi 15 ina stoka na dereva kama hivyo au?

---

ChepeDogo

@BintiMlandizi hapana dada, na hili ndilo linalonifanya niwavulie kofia. Romney dereva ni mmoja, na ndiye stoka pia. Anaangalia njia, ishara, vivuko vya barabara, geji, kioo cha maji, na katikati ya hayo anageuka kutupa makaa jikoni, amekaa chini. Kwa treni ndefu yenye abiria kibao nyuma.

Vichwa vyenyewe kila kimoja kina jina. Vile viwili vya kwanza vya mwaka 1925 ni Green Goddess na Northern Chief, akafuata Southern Maid. Vyote ni Pacific: magurudumu manne madogo mbele, sita makubwa ya kuvuta, mawili nyuma. Halafu Hercules na Samson wa 1927, hawa wana magurudumu manane ya kuvuta, walitengenezwa kwa ajili ya mizigo ya changarawe, maana pwani ile ni changarawe tupu. Typhoon na Hurricane walizaliwa na silinda tatu kwa sababu Howey alitaka mwendo, baadaye ikaonekana silinda ya katikati ni karaha tupu kwa fundi, ikaondolewa.

Mwaka 1931 vikaja viwili vya sura ya Kanada, vyenye kengele na taa kubwa mbele, kutoka Yorkshire Engine Company. Kimoja siku hizi kinaitwa Winston Churchill, kingine Doctor Syn. Vina vibanda vikubwa zaidi, na ukipita Dungeness mwezi wa pili na upepo wa bahari utaelewa mara moja kwa nini. Mjerumani mmoja pia yupo, Black Prince, kazi ya Krupp ya 1937, aliingia Romney 1976.

Ninayempenda mimi ni mdogo wao wote, The Bug, kutoka Krauss ya Munich, 1926. Alinunuliwa kubeba vifaa vya ujenzi. Kazi ilipoisha akauzwa Belfast kwenye bustani ya starehe, akazeeka huko, akatupwa, akaja kuokotwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu miaka ya sabini akarudishwa kwao. Leo anapumua.

---

GaratiMstaafu

Vijana, nimekuwa nikisoma kimya. Mimi nilikuwa stoka enzi za East African Railways, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Nilikuwa kwenye Garati, vile vichwa vikubwa vya mvuke vyenye maungio, za daraja la 59, njia ya Mombasa. Zilikuwa 34, zimetoka kwa Beyer Peacock wa Manchester kati ya 1955 na 1956, tani 252 kila moja, zote zina majina ya milima. Moja mtaikuta makumbusho ya reli Nairobi, namba 5918, Mount Gelai. Huo mlima uko kwenu Tanzania, karibu na Ziwa Natron.

Nataka kumwambia kijana wa Gerezani kwamba boila haijui umri wa abiria.

Na wewe ChepeDogo, mnawasha kwa mkaa, sisi hatukujua chepe. Zilikuwa za mafuta mazito. Kazi yangu ilikuwa valvu na macho. Nikizidisha mafuta moshi unakuwa mweusi, dereva anakohoa kwa makusudi. Nikipunguza, mvuke unashuka kwenye mlima. Na kulikuwa na mchanga. Mafuta yanaacha masizi kwenye mirija, sasa hupigi mswaki treni ikienda. Unachota mchanga mkavu, unautia kwenye tundu la mlango wa jiko wakati dereva amefungua mvuke kwa nguvu. Mvuto unaubeba, unapita mirijani unasugua, unatoka juu na wingu jeusi ambalo mama yeyote aliyeanika nguo Mazeras alikuwa na neno la kukuambia.

---

ChepeDogo

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Huo mchanga nilikuwa nimeusoma tu vitabuni, sijawahi kukutana na mkono uliourusha.

---

GaratiMstaafu

Marahaba. Endelea.

---

Mtaruma_Mbovu

Uzi umepata mwenye nyumba sasa 🙌🏾

---

KijanaWaGerezani

Shikamoo mzee. Sawa nimenyoosha mikono kwenye boila. Lakini hiyo reli ya Romney si bado ni ya kutembeza watalii tu? Ina faida gani nyingine?

---

ChepeDogo

@KijanaWaGerezani umeuliza vizuri, nakusamehe la kwanza.

Ilibeba wanafunzi. Kwa miaka mingi asubuhi treni iliwachukua watoto kuwapeleka shule ya sekondari New Romney na jioni kuwarudisha, kwa mkataba na halmashauri. Hadi 2015. Dizeli yao namba 12 ya mwaka 1983 kwa miaka mingi iliitwa John Southland, jina la mwanzilishi wa shule hiyo. Vita ya pili ya dunia jeshi lilichukua njia yote. Hercules akavishwa vyuma, akafungiwa mabehewa yenye bunduki za Lewis, akawa treni ya kivita, nadhani ndogo kuliko zote zilizowahi kupelekwa vitani. Baadaye njia ilitumika kwenye kazi ya mabomba ya PLUTO, yale ya kupeleka mafuta Ufaransa chini ya bahari. Iliharibika vibaya. Kipande cha Dungeness kilipofunguliwa tena Machi 1947 waliokata utepe ni Laurel na Hardy, wale wachekeshaji, mnene na mwembamba.

Kwa miaka mingi ilijiita reli ndogo kuliko zote duniani ya kubeba abiria wa kawaida. Sifa hiyo ilitoka moja kwa moja 1982, Wells and Walsingham ya Norfolk ilipofunguliwa na inchi zake 10 na robo.

Sasa nije kwenye lile neno "ya watoto", maana mzee kanitangulia.

Ukichukua treni kubwa ukaipunguza urefu mara tatu, maji ndani ya boila hayapungui mara tatu. Yanapungua mara 27, kwa sababu umepunguza urefu, upana na kimo. Yetu ya bustanini ni kama ya nane, hapo maji yamepungua karibu mara 500. Lakini moto hujaupunguza. Makaa yanaungua kwa joto lilelile, chuma cha juu ya jiko kinahitaji kufunikwa na maji vilevile, na mvuke wa paundi 100 hauulizi umetoka kwenye sufuria ya ukubwa gani. Kwenye Garati ya mzee, ukizubaa una akiba ya maji. Kwangu mimi ukizubaa dakika tatu, umeshachelewa.

Nilizubaa mwaka juzi.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, jua la kweli, foleni ya watoto hadi kwenye geti. Kichwa kilikuwa juani tangu saa tatu. Maji yanaingia boila kwa injekta, kifaa cha ajabu kisicho na pistoni wala mota: unafungua mvuke, mvuke unakamata maji ya tangi na kuyasukuma ndani ya boila ileile ulikotoka. Lakini injekta inataka maji baridi. Mvuke lazima ugande ghafla ndani yake ndipo upate nguvu ya kusukuma. Tangi letu lilikuwa limepashwa na jua hadi mkono hauvumilii, mimi sikugusa.

Tulikuwa kwenye mwinuko, abiria kumi na mmoja nyuma, mtoto mmoja wa mbele ananiuliza kwa nini kichwa kinatoa machozi. Nikafungua injekta, ikatema. Maji yote yanamwagika chini kwenye mataruma, zile mbao zinazobeba reli. Nikafunga, nikafungua tena, ikatema tena. Nikamjibu mtoto. Nilipogeuka kutazama kioo, maji yalikuwa yanacheza kwenye nati ya chini.

Dereva hakusema kitu, alinyoosha mkono kwenye pampu ya mkono akaanza kuvuta. Lakini mbele yetu kulikuwa na mteremko. Kwenye mteremko maji yanakimbilia mbele ya boila, na sehemu ya jiko inabaki wazi. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa anaifanya, niliiona usoni mwake. Akafunga breki hapohapo kileleni karibu na bwawa la bata. Akasema, "Mwaga moto."

Kuna pini chini ya jiko. Unaivuta kwa ndoana, chekecheo la moto, ule wavu wa chuma unaobeba makaa, linadondoka lote na makaa yake, kwenye sinia la majivu kisha chini kati ya reli. Nilikuwa nimeifanya mazoezini, bila moto. Siku ile makaa yalikuwa meupe. Yalidondoka kwa kishindo kidogo tu, kama mtu kamwaga kokoto, na joto likanipanda usoni hadi kope zikajikunja. Mataruma yakaanza kufuka. Gadi akaja mbio na ndoo ya maji, akamwagia makaa ya chini, boila hakuigusa. Abiria walishuka wakatembea. Yule mtoto akauliza kama wanaweza kurudia.

---

BintiMlandizi

Mungu wangu. Na lingelipuka?

---

ChepeDogo

@BintiMlandizi kabla ya kulipuka kuna plagi. Juu ya jiko kimefungwa kijiti chenye risasi katikati, yaani lile chuma laini. Maji yakiondoka, risasi inayeyuka, mvuke unamwagikia kwenye moto na kukupigia kelele za kutosha. Ila ikishayeyuka kichwa hicho kimelala miezi, na kamati itakuita. Yetu haikuyeyuka.

Kila mwaka boila inapimwa kwa mvuke mbele ya mkaguzi, na baada ya miaka kadhaa inajazwa maji baridi hadi pomoni na kusukumwa juu ya presha yake ya kazi. Wanatumia maji kwa sababu maji hayabanwi: boila ikipasuka inavuja tu, hairuki.

---

GaratiMstaafu

ChepeDogo. Baada ya kumwaga moto, ulisubiri muda gani kabla ya kutia maji?

---

ChepeDogo

Mzee, dereva aliacha pampu palepale aliposema mwaga moto. Hatukutia tena hata tone. Tulikaa hadi sindano ikarudi sifuri na chuma kikapoa, tukakisukuma bandani kwa mabega, saa kumi na mbili jioni. Maji tuliyatia kesho yake baada ya mkaguzi kuchungulia jiko kwa tochi.

---

GaratiMstaafu

Vizuri. Maji baridi juu ya chuma kilichounguzwa ndiyo yanayoua. Nilimjua mmoja. Tuyaache.

Tangi mlifanyeje?

---

ChepeDogo

Tulishona turubai jeupe la kulifunika, na siku za jua tunabadilisha maji ya tangi kila baada ya safari nne. Na mimi sasa nagusa tangi kabla ya kugusa injekta. Hata wakati wa baridi, mkono unaenda wenyewe.

---

Mkoroshoni

Wakuu mimi nauliza makaa. Si Uingereza walishafunga migodi? Mnayatoa wapi?

---

ChepeDogo

@Mkoroshoni hilo ni donda. Makaa mazuri ya mvuke yalikuwa ya Wales kusini, yanaungua na moshi kidogo, majivu kidogo. Mgodi wa Ffos-y-Fran pale Merthyr Tydfil uliokuwa tegemeo la reli nyingi za kumbukumbu uliacha kuchimba Novemba 2023. Sasa yanaagizwa kutoka ng'ambo, au watu wanatumia makaa ya kufinyangwa, yana umbo la yai. Hayo mayai yanataka kuzoewa. Yanachelewa kushika, na ukiyatifua yakiwa na usingizi yanavunjika yakawa unga. Lile shehena la mwaka jana tulilopata, sitaji kwa nani, liliacha mabonge ya majivu yaliyoyeyuka yakaganda kama kioo juu ya chekecheo, hewa haipiti, mvuke unashuka, unapiga kwa chuma kama mtu anayevunja korosho. Nilirudi nyumbani mabega hayanyanyuki.

---

Mtaruma_Mbovu

Na upande wa njia? Mimi jina langu linanilazimisha kuuliza.

---

ChepeDogo

Haha. Njia ndogo haina huruma. Kokoto moja saizi ya ndimu kwenye pointi, pale njia zinapoachana, gurudumu limepanda, treni chini. Kwa hiyo kabla ya abiria wa kwanza mtu anaitembea yote kwa miguu na ufagio: matawi, kokoto, mara moja tulimkuta kobe wa mtu. Kipande chetu cha njia moja kina fimbo ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu. Dereva asiye na fimbo mkononi haingii. Iko moja tu, kwa hiyo treni mbili haziwezi kukutana humo labda fimbo izae. Mzee anaijua hii kwa jina la tokeni.

Romney kuanzia Hythe hadi New Romney njia ni mbili, kwenda na kurudi. Kutoka hapo hadi Dungeness ni moja, na mwisho wake imepinda mduara ikajirudia yenyewe, treni inaingia, inazunguka stesheni, inatoka ikiwa imeelekea ilikotoka bila kukata kichwa. Hythe hakuna mduara, kwa hiyo kichwa kinakatwa, kinapanda meza ya kuzungushia. Nendeni mkaone mtu mmoja anavyozungusha kichwa kizima kwa kusukuma tu.

---

KijanaWaGerezani

Mkuu nafuta kauli yangu rasmi. Nikija huko nipokee.

---

MamaWawili_Coventry

Samahanini kuingilia, mimi niko Coventry, nina wavulana wawili wa miaka sita na minne, tunataka kuja Romney Agosti. Tupande wapi, na wapi kuna cha kuona?

---

ChepeDogo

Dada karibu sana. Angalia kwanza ratiba yao ya siku hiyo mtandaoni, si kila siku mvuke unatembea njia nzima. Pandia Hythe, nenda hadi mwisho Dungeness. Kule kuna mnara wa zamani wa taa wa kupanda ngazi, changarawe hadi upeo wa macho, na kinu cha nyuklia kimekaa pembeni kimya. Wakati wa kurudi shukeni New Romney muone banda la vichwa.

Mabehewa ya wazi ni matamu lakini msikae lile la kwanza nyuma ya kichwa. Nguo nyeupe muache nyumbani. Wavae miwani, hata ya plastiki, chembe ya makaa ikimwingia mtoto jichoni safari imeishia hapo. Ukifika Hythe wapeleke mbele wakati wa kukata kichwa, wasimame nyuma ya mstari, wamtazame dereva anavyochungulia kioo cha maji.

---

MamaWawili_Coventry

Asante kaka. Chakula je, nibebe?

---

ChepeDogo

Beba. Na sweta. Agosti ya Dungeness si Agosti ya Coventry.